Daftari Moja, Majina Matano

Mwaka jana shangazi yangu wa Mwanjelwa, Mbeya, aliniomba nimtengenezee hesabu za kikoba chao: wanawake watano, wauza viazi na ndizi. Mimi ni mwandishi wa habari, ila Python nimejifunza kidogo kidogo usiku, nikaona hapa ndipo pa kujidai. Nikaandika:

akiba = [[]] * 5

Nilidhani nimefungua madaftari matano. Jumamosi mama mmoja akaweka elfu kumi, na elfu kumi ikatokea kwa wote watano.

"Mwanangu," shangazi akasema, "hii mashine yako inagawa sadaka?"

Ukweli ni kwamba ile alama ya kuzidisha hainakili daftari, inarudia anwani ya daftari lilelile. Nilikuwa nimefungua daftari moja na kuandika majina matano juu ya jalada. Dawa yake ni fupi:

akiba = [[] for i in range(5)]

Yaani, kwa kila mtu, fungua daftari jipya.

Nilirekebisha, lakini jambo lenyewe halikunitoka kichwani. Wiki iliyofuata kazi ikanipeleka Iringa, na kwenye basi, tunaipita Mafinga, bado nilikuwa nawaza changu na chetu. Ukiwaza hivyo Iringa, lazima utafika Isimani, kaskazini mwa mji. Huko, tarehe 25 Desemba 1971, mkulima Saidi Mwamwindi alimpiga risasi mkuu wa mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliyekuwa akisukuma vijiji vya ujamaa, siasa iliyotangazwa na Azimio la Arusha mwaka 1967. Mwamwindi naye alinyongwa. Ardhi ilikuwa ileile. Mmoja aliona shamba lake, mwenzake akaona shamba la wote.

Simtetei muuaji. Wala sisemi ujamaa ulikuwa kosa la programu. Hayo yangekuwa matusi kwa marehemu wote wawili. Nauliza tu: kuchangia kitu kunageuka dhuluma wakati gani?

Maana kuchangia kwenyewe si kosa. Kikoba cha shangazi kina mfuko wa jamii, wa misiba na ugonjwa. Huo ni mmoja, na majina yote matano yanapaswa kuuelekea. Ningeugawa mara tano, siku ya msiba mfiwa angekuta vijisenti vyake peke yake. Kwa hiyo programu nzuri ilihitaji vyote: akiba tano zilizotengana, na mfuko mmoja.

Nadhani dhuluma inaanza pale mtu anapoambiwa ana chake, kumbe ni cha wote, au anapokuta cha kwake kimekuwa cha wote bila kuulizwa. Mimi nilifanya hivyo kwa kutojua, na wale mama hawakupoteza hata shilingi. Wengine hawakuwa na bahati hiyo.

Siku hizi, kabla hajatoa hela, shangazi ananiuliza: "Hii inaingia kwangu, au kwetu?"

Namjibu kwanza, ndipo naandika.