Mwenyeji wa Kombe

Jumamosi ile nilipoamka nilimkuta yule mdogo kuliko wote amejibanza juu kabisa ya kioo, karibu na bomba la pampu, mapezi yamechanika. Gobi wana mapezi ya tumboni yaliyoungana yakawa kama kikombe cha kunyonya, kwa hivyo wanaweza kuganda kwenye kioo au jiwe hata maji yakivuta. Lakini yeye hakuwa pale kwa starehe. Alikimbilia juu kwa sababu chini kote kulikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe ni dume wa sentimita tatu. Tatu! Ana mistari myeusi na ya manjano kama nyuki, na asili yao ni Asia ya Kusini-Mashariki, kule mito inakokutana na bahari. Dukani mjini niliuziwa kama samaki wa maji baridi, na watu wengi wanaowaweka kwenye maji matupu hulalamika kuwa wanadhoofika. Mimi maji yangu ni ya kisima cha hapa Bofu, yale ambayo ukinywa chai yake unajua moja kwa moja kuwa ushavuka feri, na samaki wamenawiri. Chakula chao pia ni cha mtaani. Cha pakiti hawakitaki, wanataka kitu kinachotembea, basi jioni nachota viluwiluwi kwenye pipa la jirani. Jirani anafurahi, mbu wa kesho wanaliwa leo.

Dume huyu akishachagua pango, kwangu mimi ni kombe la konokono, hulisafisha, hungoja jike aje atage ndani, kisha hubaki yeye kulinda mayai mpaka yaanguliwe. Ukimtazama hivyo, ukali wake si ujeuri, ni ulezi ulioanza kabla ya watoto. Lakini yule aliyechanika mapezi atafaidika nini na ulezi huo?

Nilimpigia muuzaji. "Ongeza wengine, bro," akaniambia. "Wakiwa wawili watatu watauana. Wakiwa kumi, atachoka kufukuza."

Nikaongeza, na kweli kukatulia. Wafugaji wa mbuna, wale samaki wakali wa Ziwa Malawi, hutumia mbinu hiyo hiyo miaka mingi. Ila nilipokaa mbele ya tangi na kikombe changu cha kahawa nikaanza kuhesabu, niliona kwamba makofi hayakupungua. Yaligawanywa tu. Kabla yake mmoja alikuwa anakula makofi ishirini, sasa kumi wanakula mawili mawili, na kila mmoja anaona lake linavumilika. Hiyo ni haki kweli? Sijui kama naweza kuikataa, maana yule mdogo alishuka kutoka kwenye kioo, na mapezi yakaanza kuota. Lakini wale wapya sita walikuwa hawana ugomvi na mtu. Nimewanunua ili wapigwe. Ni sawa na matatu ya saa kumi na mbili jioni: hakuna anayegombania kiti kwa sababu hakuna mwenye kiti, na makanga anaita hiyo amani.

Kuna njia nyingine, ya kuweka vipande vya bomba na mizizi ili wasionane. Hiyo sina neno nayo. Nyumba zetu zina mapazia kwa sababu hiyo hiyo.

Njia ya tatu ndiyo iliyoninyima usingizi. Unatoa mawe yote, makombe yote, unayapanga upya. Mipaka inafutika. Dume aliyekuwa mkubwa anaamka mgeni kama wengine, na kila mtu anaanza sifuri. Nilifanya usiku. Asubuhi nilimkuta anazunguka pale pale kombe lake lilipokuwa, juu ya mchanga mtupu, anafukuza wenzake kutoka mahali ambapo hapana kitu.

Mwaka 1978 mtafiti Nick Davies aliandika kuhusu vipepeo wa msituni karibu na Oxford. Dume hukalia kipande cha jua kilichoanguka chini ya miti, na akija mgeni, wanarukaruka kidogo kisha mgeni huondoka. Mwenyeji alishinda kila mara. Davies akafanya ujanja, akawafanya vipepeo wawili waamini, kila mmoja, kuwa kipande kile ni chake. Pambano likarefuka mara nyingi kuliko kawaida. Baadaye watafiti wengine walisema huenda mwenyeji hushinda kwa sababu ameota jua zaidi na mwili umepata moto, si kwa heshima ya uenyeji. Hata kwa vipepeo, basi, haijulikani kama ni haki au ni joto tu.

Mtu wa Likoni hahitaji kipepeo kuelewa hili. Shamba la Waitiki ni ekari 930, na watu waliingia baada ya machafuko ya 1997. Mmoja ana hati, mwingine ana kibanda, mnazi na kaburi la mtoto, na kila mmoja anaamini yeye ndiye mwenyeji. Hati za waliokuwa maskwota zilitolewa 2016. Huo ni muda gani wa watu wawili kuruka juu ya kipande kimoja cha jua? Tena Mombasa tuna jambo letu la nyumba bila ardhi: kuta ni zako, udongo ni wa mwingine, na kila mwezi unalipia udongo. Gobi wangu angeelewa. Kombe ni lake, tangi ni langu.

Nyumba ya bibi yangu ni ya namna hiyo. Alipofariki, chumba cha mbele kilikuwa na ami yangu, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyembeba bibi kumpeleka msalani na kumbembeleza anywe uji. Wengine tulikuwa tunatuma pesa. Sasa chumba cha mbele kinatoa kodi nzuri, kinafaa duka. Shangazi, ambaye simlaumu kwa sababu ana watoto watatu shuleni, akaja na wazo: tukarabati nyumba yote. Kila mtu atoke, tupige rangi, tubadilishe mabati, halafu tukirudi tugawane vyumba upya kwa kura.

"Hivyo hakuna atakayesema tumemfukuza," alisema.

Nilikuwa karibu kukubali. Kura ni kura, na kwa mirathi ami hana fungu kubwa kuliko ndugu zake wa kiume. Halafu nikamkumbuka yule dume juu ya mchanga mtupu. Ukarabati ule haukuwa na kosa hata moja isipokuwa lengo lake, yaani mtu asahau, au ashindwe kuonyesha, mahali alipokuwa. Kama tunataka kumtoa, tumwambie usoni kwamba tunamtoa, na yeye apate nafasi ya kutujibu. Samaki siwezi kumwambia kitu. Ami ananisikia.

Nikamjibu shangazi, "Mabati nitachanga. Kura siiwekei saini mpaka ami awe amekaa kikaoni, na hesabu ya miaka ile iwekwe mezani." Alininunia, na bado ameninunia. Kikao ni baada ya Idd, na huenda ami akapoteza chumba hata hivyo.

Kombe nimelirudisha pale pale. Alichukua dakika kama kumi kulizunguka kabla hajaingia. Yule mdogo nimemhamishia kwenye chupa kubwa dirishani, peke yake, na kila jioni naanza naye kumlisha.