Kumrudishia mpangaji kodi yake, je, yatosha?

Ipo kauli iliyozoeleka midomoni mwa wenye nyumba: "Chukua kodi yako iliyobaki, niachie nyumba yangu." Anayeitamka hujiona muungwana kabisa. Hakudhulumu, karudisha mpaka shilingi ya mwisho, sasa anadaiwa nini tena? Mimi nasema anadaiwa, na deni lenyewe bado hajaanza hata kulilipa.

Naandika haya nikiitazama Kabanga, wilayani Ngara. Pale ni mpakani, ukivuka tu uko Kobero, Burundi. Januari 2021 Serikali ilisaini mkataba wa mradi wa nikeli, na Oktoba mwaka huo kampuni ya Tembo Nickel ikapewa leseni maalumu ya uchimbaji. Penye mpaka na mgodi kwa pamoja, chumba hutazamwa kwa jicho jingine. Anaweza kutokea mtu wa kulipa mara mbili, na mpangaji wa zamani akageuka mwiba.

Tuchukue mfanyabiashara aliyepanga fremu kwa mwaka mmoja na kulipa kodi yote. Dalali kachukua kodi yake ya mwezi. Shelfu zimejengwa ukutani, rangi imepigwa, wateja wamepajua. Mwezi wa tano ukiisha anaambiwa atoke, anahesabiwa kodi ya miezi saba. Anapata fremu nyingine, ghali zaidi na iliyojificha nyuma ya soko. Dalali anataka chake upya, mwenye pickup anataka chake. Sasa ndugu msomaji, ile kodi ya miezi saba ilikuwa mali ya nani? Ilikuwa yake mwenyewe. Mwenye nyumba kamrudishia mtu fedha zake, basi. Hasara hajaigusa.

Sheria ya Mikataba, kifungu cha 73, inasema aliyevunja mkataba hulipa hasara inayozaliwa na uvunjaji huo katika mwenendo wa kawaida wa mambo, au ile ambayo pande zote mbili ziliijua tangu zilipokubaliana. Hasara ya mbali hailipwi. Kwa hiyo bwana yule anaweza kudai tofauti ya kodi kwa ile miezi saba, ujira wa dalali, gharama ya kuhama na shelfu zisizobandukika, na hata kipato cha siku alizofunga duka, mradi awe na ushahidi. (Hapa ndipo wapangaji wengi tunapoanguka, risiti tunafungia maandazi.) Hawezi kudai zabuni aliyoiota ambayo mwenye nyumba hakuwahi kuisikia. Wala hawezi kukaa barazani akihesabu siku ili deni linenepe, maana kifungu hichohicho kinatazama kama alijitahidi kuipunguza hasara yake.

Wengine watasema hapakuwa na karatasi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inakubali upangaji usiozidi mwaka mmoja hata kwa mdomo. Na tangu Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya 1984 ilipofutwa mwaka 2005, makubaliano hayo ndiyo ngao kubwa aliyobaki nayo mpangaji.

Fiqhi nayo haiko mbali. Ijara ni mkataba unaofunga pande zote mbili. Kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafi, manfaa ya nyumba ni mali. Aliyepangisha kwa mwaka ameshayauza manfaa ya mwaka huo, na akiyachukua kwa nguvu anachukua cha mtu. Kwenye faida iliyotarajiwa tu, ambayo haijapatikana, wanazuoni wengi ni wazito kuruhusu fidia, na mpangaji mcha Mungu ataliangalia hilo kabla ya kuipeleka hesabu yake barazani. Lakini ujira wa dalali na nauli ya pickup si matarajio, ni fedha iliyotoka mfukoni.

Hata Serikali, mwenye nyumba mkubwa kuliko wote, imeonja jambo hili. Januari 2018 ilifuta leseni zote za kuhodhi maeneo ya madini, ya Kabanga ikiwemo. Wawekezaji wa Ntaka Hill, Nachingwea, wakaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na Julai 2023 wakapewa tuzo ya zaidi ya dola milioni 109. Mwaka 2024 pande hizo zikamalizana kwa dola milioni 90. Mpangaji mkubwa hakuambiwa achukue ada yake aondoke.

Linalonishughulisha zaidi ni hili. Ardhi inapotwaliwa kupisha mradi, kanuni za fidia za 2001 zinampa mwenye nyumba zaidi ya thamani ya jengo. Ipo posho ya makazi, kodi ya mwezi mara 36. Ipo faida ya biashara iliyopotea, nayo ya miezi 36. Upo usafiri wa tani 12 ndani ya kilomita 20, na ipo posho ya usumbufu. Sijapata kumsikia mwenye nyumba aliyesema, "Nilipeni bei ya matofali tu, inatosha." Anaidai kila posho, na ni haki yake. Basi kwa nini usumbufu wake uwe na bei, wa mpangaji wake usiwe nayo? Surat al-Mutaffifin inawaonya wanaopokea kipimo kamili na kuwapunjia wenzao, na sioni kwa nini tuifunge kwenye mizani ya mchele peke yake.

Najua zipo dharura. Mama anaumwa, au mtoto amerudi na familia hana pa kulala. Wanazuoni wa Kihanafi wameacha mlango wa udhuru, wengine wameubana. Mlango ulio wazi kwa wote ni kuridhiana. Mwenye nyumba aende kwa mpangaji wake, aseme ana shida gani, amuulize atoke kwa kiasi gani. Pengine atatajiwa dalali, pickup na kodi ya miezi miwili, na jioni hiyohiyo wakamalizana.