Mkanda wa Kiti Kitupu

Mjukuu wangu, jana kwenye simu ulinong'ona kwamba wenzako wawili wamesharuka peke yao na wewe bado. Sauti yako ilikuwa ya mtu aliyefedheheka, nami nikalala nayo. Sikuwahi kurusha ndege, nilikuwa fundi tu, lakini marubani nimewaona wanavyoanza.

Nikupe mfano wa mmoja wa zamani. Vita ilipozuka mwaka 1939, Roald Dahl, kijana aliyefanya kazi na Shell Dar es Salaam, aliendesha gari hadi Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Ndiye yule aliyekuja kuandika vitabu vya watoto. Yeye na wenzake walifundishwa kwa ndege ya Tiger Moth: mwalimu mbele, mwanafunzi nyuma, vichwa vyote nje kwenye upepo, wakisemezana kwa mpira wa kuongelea. Breki hakuna, stata hakuna. Fundi alisimama mbele ya pangaboi, akaita kuuliza kama swichi imezimwa, akangoja ajibiwe, ndipo akalishika kwa mikono yake. Rubani akiitikia kwa mazoea bila kutazama swichi, fundi anakatika mkono au anakufa. Hilo lishike, mwanangu. Jibu lako angani au chini ni uhai wa mwenzako.

Dahl aliachiwa ndege peke yake baada ya saa 7 na dakika 40. Vita ilikuwa na haraka zake. Septemba 1940 akapewa Gladiator, ndege asiyoizoea, akaifuate skwadroni yake katika jangwa la Misri. Alipoelekezwa hapakuwa na skwadroni. Jua likizama na mafuta yakielekea kuisha, akajaribu kutua mchangani, akaanguka. Fuvu lilipasuka, na kwa wiki kadhaa hakuona kitu. Kosa la maelekezo halikuwa lake, ila mwili uliovunjika ulikuwa wake.

Wewe hakuna vita inayokusubiri. Mwalimu akikwambia rudia kutua, rudia, hata mara ya ishirini. Ukipewa njia usiyoielewa, uliza kabla injini haijawaka, na akikuona mzito wa kuelewa mwache akuone hivyo. Saa za mwenzako ziache kwenye daftari lake.

Siku yako itafika bila taarifa. Mwalimu atafungua mlango na kushuka. Kabla hujagusa chochote, funga vizuri mkanda wa kiti chake, usije ukanasa kwenye usukani.