Shina la Peke Yake



Mwaka mmoja nilipanda mahindi nyuma ya nyumba yangu, mstari mmoja tu. Yakastawi, nami nikajisifu. Siku ya kuvuna nikamenya: magunzi yalijaa mapengo.

Kila uzi wa ndevu za hindi huzaa punje moja, ukipata unga wa mbelewele unaopeperushwa na upepo. Mashina yaliyopandwa karibu karibu, mistari mitatu au minne, hupeana unga huo.

Nawe usemaye, “Nitasali nyumbani, mafundisho nimekwisha kuyasikia,” likumbuke hindi lile. Majani mabichi si mavuno. Bwana wetu Yezu Kristu aliahidi kuwa kati yao wakusanyikao kwa jina lake. Njoo basi, usije ukaonekana gunzi tupu siku ya mavuno yake.