Nguo Iliyorudi

Kitenzi kurudi kina kazi nyingi katika Kiswahili. Msafiri hurudi alikotoka. Kitambaa cha pamba kikifuliwa hurudi, na gauni lililofika kwenye vifundo vya miguu likaanza kuonyesha magoti. Mzazi naye humrudi mtoto aliyekosa adabu. Mgeni wa lugha angedhani haya ni maneno matatu yaliyogongana kwa bahati tu. Akiisoma Long Island, riwaya ya Colm Tóibín iliyotoka mwaka 2024, huenda akaanza kushuku kwamba neno ni moja.

Mwaka ni 1976. Eilis Lacey, mwanamke wa miaka arobaini na ushei, anaishi Lindenhurst, katika Long Island, New York, ndani ya duara la nyumba za wakwe na mashemeji zake. Mumewe, Tony Fiorello, ni fundi bomba. Siku moja mwanamume Mwairishi anabisha hodi. Anamwambia kwamba Tony alikwenda kwake kutengeneza mabomba, akamwacha mke wa mwenye nyumba na mimba, na mtoto akizaliwa ataletwa kuachwa mlangoni hapo hapo. Eilis anasema hatamlea. Mama mkwe, Francesca, ana mpango wake mwingine kuhusu mtoto huyo, na haoni haja ya kumuuliza mkwewe. Eilis anafunga mizigo na kwenda Enniscorthy, mji mdogo wa Wexford kando ya mto Slaney, ambako alizaliwa na ambako Tóibín mwenyewe alizaliwa mwaka 1955. Sababu anayoitoa ni kwamba mama yake anatimiza miaka 80. Ni zaidi ya miaka 20 hajakanyaga hapo.

Wanaomjua Eilis tangu Brooklyn, riwaya ya mwaka 2009 iliyogeuzwa filamu mwaka 2015, wanakumbuka deni aliloliacha nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa msichana asiye na kazi ya maana. Padri mmoja akamfanyia mipango ya New York, akauza dukani, akasoma uwekaji hesabu, akampenda Tony. Dada yake alipofariki, alirudi nyumbani kwa muda akiwa ameolewa kwa siri. Pale akampenda Jim Farrell, kijana wa baa, na nusura abaki. Mwenye duka mmoja mwenye ulimi mrefu akamjulisha kwamba siri imefika hadi kwake. Eilis akapanda meli kumrudia mumewe, bila kumweleza Jim ana kwa ana.

Jim hakuoa. Basi maisha ambayo Eilis hakuyaishi hayakupotea hewani kama yapoteavyo ya watu wengi. Yana anwani, yana mlango, na jioni yanahudumia wateja wa bia.

Hapo ndipo riwaya inapogusa swali ambalo wanafalsafa wamelizunguka kwa karne kadhaa: anayerudi anarudi wapi hasa? Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari mjini Basel, Johannes Hofer, aliunganisha neno la Kigiriki la kurejea na lile la maumivu, akapata jina la ugonjwa: nostalgia. Aliowaona wakiugua ni Waswisi walioishi mbali na kwao, na dawa ya uhakika ilikuwa kuwarudisha. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha anthropolojia cha mwaka 1798, alikubali kwamba wagonjwa hao hupona wakifika nyumbani, ila akatoa sababu inayouma zaidi ya ugonjwa wenyewe. Hupona kwa kuvunjika moyo. Wanadhani kijiji ndicho kilichobadilika, kumbe walichokifuata ni ujana wao.

Jibu la Kant ni zuri, na lina kasoro moja. Ndani yake kuna mtu mmoja tu. Kijiji chake ni kama picha ukutani, hakuna anayeishi mle mwenye shughuli zake, mwenye kinyongo chake, mwenye sababu ya kutofurahi mgeni anapoonekana njiani.

Aliyeliona hilo vizuri zaidi ni Alfred Schutz, mwanafalsafa wa Vienna aliyewakimbia Wanazi na kuishia New York. Mwaka 1945, askari walipokuwa wakirejea makwao kutoka vitani, aliandika insha fupi kuhusu mtu anayerudi nyumbani. Alimlinganisha na mgeni. Mgeni anajua kwamba atakutana na asiyoyajua, kwa hiyo hujiandaa. Anayerudi hajiandai, kwa kuwa anaamini anayajua yote. Tena kosa hilo lina pande mbili: waliobaki nao wanamsubiri yule yule aliyeondoka. Schutz alianza na Odysseus, aliyeshushwa kwenye ufuo wa Ithaca akiwa usingizini na kuamka asiitambue nchi aliyoililia miaka 20.

Ireland ina sababu za kulijua jambo hili kuliko mataifa mengi. Kati ya mwaka 1951 na 1961, hesabu ya walioondoka ikitolewa ile ya walioingia, Jamhuri ilipoteza watu zaidi ya 400,000, nayo ilikuwa nchi isiyofikisha milioni tatu. Kabla ya hapo, katika karne ya 19, familia ya kijijini iliyokuwa ikimuaga kijana anayekwenda Marekani ilikesha usiku kucha kama inayokesha na maiti, na mkesha huo ulipewa jina la Marekani. Tofauti na maiti ni kwamba huyu aliweza kurudi, na aliporudi na kofia yake mpya, sauti yake ya juu na pesa zake, alitaniwa kuwa ni "Yank". Mwaka 1952 John Ford alimtengenezea filamu tamu mno, The Quiet Man, ambamo John Wayne anarudi, anapata mke, anapata nyumba ya mababu, na kijiji kizima kinamshangilia wakati akizipiga na shemeji yake. Ni filamu ya kupendeza. Ni pia ndoto ya mtu aliyeondoka, si ya aliyebaki.

Tóibín anauchagua mwaka 1976 kwa makusudi. Katika muongo ule, baada ya Ireland kuingia katika Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya mwaka 1973, mkondo uligeuka, na waliokuja kuishi wakazidi walioondoka. Enniscorthy anayoikuta Eilis haimsubiri. Nancy Sheridan, rafiki yake wa ujanani, ni mjane mwenye duka la chipsi, ana watoto wa kuwaoza, na ana mpango wa kutoka kwenye mafuta ya kukaangia. Mpango huo ni Jim. Wamekuwa wakionana kwa siri, wakingoja harusi ya binti wa Nancy ipite ndipo watangaze uchumba.

Kwa hiyo kuna wanawake wawili wa makamo wanaotaka kuanza upya, na wote wawili wanamhitaji mwanamume yule yule, ambaye naye anataka kuanza upya ila hana ujasiri wa kumwambia yeyote ukweli. Vitabu vingi vya kutia moyo watu wa umri huo humchora mtu mmoja mbele ya kioo, akijiuliza anataka nini. Elliott Jaques, mchanganuzi wa nafsi aliyelipa jina tatizo la umri wa makamo katika makala ya mwaka 1965, alieleza kuwa ni mtu kukutana na kifo chake mwenyewe. Kieran Setiya, katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu umri huo, anaongeza jambo la maana: hata aliyechagua vizuri hujutia njia alizoziacha, kwa sababu mema ya dunia ni ya namna nyingi na moja halilipi jingine. Ni kweli. Lakini njia iliyoachwa haibaki tupu. Nyasi hazioti. Watu wengine huipita, huijenga, hupanga mbele yake meza za kuuzia chipsi.

Tóibín anaipa hoja hii mwili kwa kusimulia kwa zamu kupitia macho ya Eilis, ya Nancy na ya Jim. Msomaji anayemtakia Eilis heri ukurasa huu, ukurasa unaofuata anakaa jikoni kwa Nancy na kuona aibu.

Mama yake Eilis ndiye mhusika bora kuliko wote, pengine kwa sababu hana haja ya kumpendeza mtu. Binti anamnunulia friji, jiko na mashine ya kufulia. Vifaa vinaletwa, vinasukumwa ukumbini, na pale vinakaa muda mrefu bila kuunganishwa, na anayepita anajibana ukutani. Mama hakuviomba. Hasemi neno la kumgombeza mwanamke mzima mwenye watoto wakubwa, anaviacha tu vimzuie njia. Mwacheni mtu asiyejua Kiswahili aone pale mitambo mitatu. Anayekijua ataiona mashine ya kufulia na kuvisikia vitenzi vyote vitatu kwa pamoja: huyu amerudi, nyumba ya mama imerudi hadi inambana mabega, na mama, kwa kimya, anamrudi.

Sheria nayo ilikuwepo. Katiba ya Ireland ya mwaka 1937 ilikataza talaka, na katazo hilo liliondolewa kwa kura ya maoni ya mwaka 1995, kwa ushindi wa kura zaidi kidogo ya 9,000 nchi nzima. Mwenye baa wa mji mdogo aliyeonekana mwaka 1976 na mke wa mtu hakuwa na mlango wa mbele wa kutokea. Mazungumzo kuhusu kujiumba upya husahau mambo kama haya, kana kwamba nafsi hukaa nje ya vitabu vya sheria.

Mwambao wa Afrika Mashariki una riwaya ya kuwekwa kando ya hii. Abdulrazak Gurnah, katika Admiring Silence ya mwaka 1996, anamrudisha Zanzibar mwanamume wa makamo aliyeishi Uingereza kama miaka 20. Nyumbani hawajui kwamba ana mwanamke wa Kiingereza na binti, maana hakuthubutu kuandika. Kwa mapenzi mema kabisa, familia imeshamtafutia mchumba. Hapa wanaokosea hesabu ni waliobaki: wamemtunzia nafasi mtu ambaye hayupo tena. Anapofika tena London, mwanamke wake anamwacha.

Mabaharia wa mwambao wana methali, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hutajwa kumtuliza anayetangatanga: nenda nyuma ya chombo, nenda mbele, mwisho utashuka tumboni mwake. Methali haisemi kama ngama bado ina nafasi. Plutarch aliandika habari za chombo cha Theseus kilichobadilishwa mbao moja baada ya nyingine hadi watu wakabishana kama ni kile kile, na wanafunzi wa falsafa wanaendelea kubishana hadi leo. Nahodha angeuliza swali la karibu zaidi: shehena ya nani imepakiwa wakati huyu yuko tezi?

Riwaya ya Tóibín inaisha kabla ya majibu, na wasomaji kadhaa wamemlalamikia. Malalamiko hayo yanaeleweka, ila jibu lolote lingemfanya mmoja kati ya wale watatu kuwa ndiye mwenye hadithi.

Karne moja na zaidi kabla yake, mwaka 1903, mwandishi mwingine wa Ireland, George Moore, alichapisha hadithi ya James Bryden, mhudumu wa baa ya Bowery mjini New York anayerudi kijijini kwao kutibu afya. Anapona. Anachumbiana na msichana, Margaret Dirken. Kisha padri anavunja dansi ya vijana, siku zinakuwa ndefu, na pua yake inaanza kutamani harufu ya baa. Anakwenda zake na kumwacha Margaret. Huko anaoa mwingine, anapata watoto, anazeeka, mkewe anakufa. Na mzee yule, aliyeshindwa kukaa kijijini hata msimu mmoja wa mvua, anabaki na Margaret kichwani mwake, pamoja na ziwa dogo la kinamasi na mstari wa vilima vya buluu nyuma yake.