Haki ya Kusikia

Neno kusikia lina maana mbili katika Kiswahili. Maana ya kwanza ni sauti kufika masikioni. Ya pili ni kutii. Mtoto mtiifu huitwa msikivu, na methali yaonya kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Shambani na sokoni mchanganyiko huu hauna dhara kubwa. Katika chumba cha elimu ya awali huzaa dhuluma, maana mtoto ambaye sauti haikumfikia huhukumiwa kama mtoto aliyekaidi.

Umwe, katika Rufiji, kama kwingineko pwani, chumba cha darasa aghalabu husifiwa kikiwa na kuta imara, sakafu ya saruji na paa la bati. Lakini vitu vigumu havinywi sauti, huirudisha. Neno la mwalimu hugonga ukuta, likarejea, likakutana na neno la pili njiani, yakavurugana. Masika yakiingia, mvua juu ya bati humnyamazisha mwalimu kabisa. Mtu mzima akipata nusu ya neno hujaza nusu iliyopotea kwa akiba ya lugha aliyo nayo. Mtoto wa miaka 5 hana akiba hiyo. Shuleni ndiko alikokwenda kuitafuta. Yule ambaye nyumbani kwao husemwa Kindengereko hubeba mzigo maradufu.

Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kelele darasani zisizidi desibeli 35, na mwangwi uwe wa sekunde 0.6 hivi. Yaweza kujibiwa kwamba vipimo hivyo ni anasa ya matajiri, na kwamba penye uhaba wa vyumba, chumba chochote ni neema. Hoja hii ina uzito, walakini yasahau jambo moja. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima. Amlazimishaye mtoto kuja amejilazimisha mwenyewe kumfikishia neno.

Wala dawa yake haikuanza kwa utajiri. Mwaka 1895, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Wallace Sabine alitakiwa kuutibu ukumbi ambao msemaji hakueleweka ndani yake. Alileta mito ya viti, na kila alipoiongeza mwangwi ulipungua. Rufiji ina ukindu na mafundi wa mikeka. Dari chini ya bati, mikeka iliyotundikwa mbali kidogo na ukuta, na watoto waliokaa karibu na mwalimu, haviondoi kasoro yote, lakini huipunguza.

Mtoto mdogo hajui kulalamika kwamba hakusikia, kwa kuwa hajui kilichompita. Hukaa kimya, na kimya chake huitwa uzito wa akili. Kwa hiyo wajibu wa mjenzi na mwalimu hutangulia wajibu wa mtoto: utii hauwezi kudaiwa kwa neno ambalo halijafika. Kabla mtoto hajaulizwa kwa nini hakusikia, chumba kiulizwe kwanza.