Ngozi ya Ayubu na Vidole vya Daktari

Rafiki zake Ayubu walikaa naye siku saba bila kusema neno, kisha wakaanza kumtafutia dhambi. Majipu yake yalikuwa mbele ya macho yao, lakini hawakuyachunguza. Naliona kosa hilo kila mgonjwa wa skleroderma anapoulizwa amemkosea nani, wakati vidole vyake vimekakamaa, uso umevutika na mdomo haufunguki hata kwa tonge la ugali. Ugonjwa huu una kipimo kisichohitaji mashine, nacho kinaweza kufanyika wilayani Mkalama au Manyoni kama kinavyofanyika Marekani alikotoka Gerald Rodnan, daktari ambaye kipimo kimepewa jina lake. Daktari hukunja ngozi kwa vidole vyake katika sehemu 17 za mwili. Ngozi ya kawaida hupewa 0, isiyokunjika kabisa 3, na jumla haivuki 51. Kumgusa mtu hivyo, sehemu baada ya sehemu, na kuandika kilichopo ni haki ambayo Ayubu hakutendewa.

Atakayepinga atasema kwamba namba humgeuza mtu kuwa kitu, tena si kila mara vidole vya madaktari wawili hukubaliana. La pili ni kweli, ndiyo maana inafaa daktari aliyepima mwanzo arudie yeye mwenyewe. La kwanza silikubali: anayemgeuza mgonjwa kuwa kitu ni yule anayemhukumu kabla ya kumshika. Mwaka 1957, daktari aitwaye Erasmus alieleza skleroderma kwa wachimbaji dhahabu wa Afrika Kusini waliovuta vumbi la mawe. Vumbi halielezi kila mgonjwa, lakini kijana anayelisha mawe kwenye karasha kule machimboni Sekenke anastahili kuulizwa habari za vumbi kabla ya habari za laana. Pingamizi zito zaidi liko kwingine. Kwa wagonjwa wengi ambao ngozi yao imekakamaa mwili mzima, baada ya miaka kadhaa hulainika yenyewe, hata bila dawa, huku mapafu yakiweza kuendelea kuharibika. Namba ikishuka, basi, si ushahidi tosha wa dawa, wala wa mganga, wala wa maombi. Simzuii mtu kumshukuru Mungu. Ninachokataa ni kumwambia aache kliniki kwa sababu ngozi imelegea. Mungu wa kweli hahitaji ushuhuda wa haraka. Ukipimwa, omba namba na tarehe viandikwe kwenye kadi yako, na uulize mapafu yako yatapimwa lini.